Shughuli za Uwanda wa Makonde na Maombi ya Shahada ya Uzamivu

Sayansi ya shughuli ni taaluma inayochunguza yale ambayo binadamu huyafanya kila siku, kama kulima, kupika, kulea, kucheza ngoma na hata kupumzika, ili kufahamu jinsi yanavyojenga au kudhoofisha afya yake na nafasi yake katika jamii. Shahada ya uzamivu katika taaluma hii ilianzishwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, kwa juhudi za Elizabeth Yerxa na wenzake, na taaluma hiyo ndiyo chimbuko la nadharia inayotumiwa na tiba kazi, yaani fani ya kumwezesha mtu aliyepooza au mwenye ulemavu kuzirudia shughuli zake, ambayo nchini Tanzania hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Kijana wa Masasi au Newala, kusini mwa Tanzania, anayeitamani elimu hiyo hana budi kuwa na shahada ya kwanza, kwa kuwa stashahada pekee haitoshi, lakini uzito wa maombi yake umo katika barua ya nia, ambamo mwombaji hueleza swali analotaka kulitafiti. Kuandika kwamba anapenda kusaidia watu hakumtofautishi na yeyote, ilhali nyumbani kwao maswali yamejaa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, hivyo wapo wanawake wanaobangua kwa mkono ambao hujipaka majivu vidoleni kabla ya kuanza. Kazi hiyohiyo inayowachubua ndiyo inayowapatia ada za watoto na kuwakutanisha na wenzao. Mmoja wao akipatwa na kiharusi, mkono ukalegea, anapoteza nini zaidi ya kipato? Huko Newala nako, ambako vijiji viko juu ya Uwanda wa Makonde na chemchemi ziko chini ya miteremko, kuchota maji kumepanga saa za wanawake na wasichana kwa vizazi vingi. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliyaandika maisha hayo kwa jicho la mgeni. Mwombaji aliyeyaishi ana ujuzi ambao hakuna maktaba itakayompa, na anastahili kuuandika bila kuona haya.

Swali likishapatikana, atafutwe mhadhiri ambaye utafiti wake unakaribiana nalo, aandikiwe mapema, kwa maana katika shahada ya uzamivu msimamizi ana sauti kubwa katika kumpokea mwanafunzi. Nakala za matokeo na barua za wadhamini wa kitaaluma ni mambo ya kawaida. Kinachohitaji hesabu ni mtihani wa Kiingereza kama IELTS, ambao matokeo yake hukubaliwa kwa miaka miwili tu: vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari, wakati minada ya korosho huanza Oktoba na malipo ya mkulima huweza kuchelewa, kwa hiyo familia inayotegemea zao hilo itenge ada ya mtihani na nauli ya Dar es Salaam kutoka katika mauzo ya msimu uliotangulia.