Kambare wanakula lakini hawakui: je, vimeng'enya vinasaidia?



Katika vikundi vya mabwawa kilio ni kimoja: chakula cha kambare kinamaliza pesa. Dagaa, au ndagala kama wengine tunavyosema, ni ghali, na kila bakuli tunalosagia samaki lingeweza kupikiwa watoto. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye soya na pumba. Halafu wanashangaa: samaki wanakula lakini hawaongezeki.

Sababu mojawapo ni hii. Nafaka na soya zina madini ya fosforasi, yale yanayojenga mifupa, lakini karibu theluthi mbili yake imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa faiteti. Kambare hawezi kuifungua vizuri. Inapita tumboni, inatoka na kinyesi, na bwawa linajaa mwani.

Kinachofungua ni kimeng'enya kinachoitwa faitesi. Viwandani kinatengenezwa kwa kutumia kuvu au bakteria. Kinapenda mahali penye asidi, na tumbo la kambare lina asidi.

Lakini tuelewane: kimeng'enya sio chakula wala sio dawa. Hakileti protini ambayo hukuiweka. Ukilisha pumba tupu halafu ukanunua unga huo, umetupa pesa ya kikundi.

Basi fanyeni hivi:

1. Soya mbichi inazuia samaki kusaga protini. Ichemsheni angalau nusu saa, ikausheni, ndipo muisage.

2. Joto kali linaharibu kimeng'enya. Msikipike! Subirini chakula kipoe ndipo mchanganye.

3. Pimeni kama pakiti inavyosema. Tazameni tarehe ya kuisha, na mtunze pakavu penye kivuli.

4. Kama pesa hakuna, pumba za ngano zina faitesi yake ya asili. Zilowesheni kwa maji ya vuguvugu pamoja na soya iliyopikwa ikapoa, muache saa kadhaa, kisha mlishe siku hiyo hiyo kabla haijaoza.

Wenye mabwawa mawili wajaribu moja kwanza. Kila wiki mbili pimeni samaki kumi wa kila bwawa kwa mizani, na watoto wa shule waandike kwenye daftari. Mkiona tofauti, nunueni tena. Msipoiona, pesa hiyo ibaki kwenye sanduku la kikundi.