Johari na Thamani Zake: II. Yakuti Nyekundu

Juma lililopita tulizungumza habari za dhahabu, ambayo wasomaji wetu wa Awendo hawana haja ya kusimuliwa mengi, kwa kuwa jirani zao wa Macalder, upande wa Nyatike, wameichimba tangu miaka ya 1930. Leo twalijia jiwe ambalo sonara hulivika dhahabu hiyo, nayo ni yakuti nyekundu, ambayo Kenya imejaliwa kuwa nayo, si huku Migori, bali Mangari, katika nyika ya Tsavo Magharibi, walikoigundua wanajiolojia John Saul na Tim Miller mwaka 1973.

Kwa asili yake yakuti ni alumini iliyoungana na oksijeni, na ikiwa safi kabisa haina rangi. Kinachoitia wekundu ni kromiamu kidogo mno. Ajabu ni kwamba alumini imejaa hata katika udongo wa mfinyanzi, na bado yakuti ni adimu. Sababu yake ni silika, iliyo asili ya mchanga, ambayo haiiachi alumini peke yake, bali huitwaa ikafanyika madini mengine. Hivyo yakuti haizaliwi ila pale silika ilipo haba, kromiamu ipo, na joto na mgandamizo vimekutana, masharti ambayo ni nadra kutimia mahali pamoja.

Mnunuzi mahiri hutazama rangi kwanza, akitaka wekundu uliokolea bila kuingia weusi wala kupauka. Hapo yakuti ya Mangari ina fadhila kubwa, maana chuma chake ni kidogo, na chuma ndicho kizimacho mng'ao. Likipigwa na jua, jiwe lake huwaka kama kaa lililopulizwa. Aibu yake ni nyufa, ambazo kwazo mawe mengi huchongwa mgongo wa mviringo, na yanayostahimili kukatwa pande nyingi ni machache.

Kisha huja uzito, ambao hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Bei haipandi sawasawa na uzito: jiwe safi la karati tano hupita mbali thamani ya matano ya karati moja moja. Yakuti ya Montepuez, Msumbiji, iitwayo Estrela de Fura, yenye karati 55.22, iliuzwa mnadani New York mwezi Juni 2023 kwa dola milioni 34.8.

Lakini hayo yote ni bure ikiwa wekundu si wa jiwe lenyewe. Tangu mwaka 1902, Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza njia yake, yakuti hutengenezwa kiwandani. Nyingine ni za ardhini ila huchomwa kwa joto kali ili rangi itakate, na hilo si hila muuzaji akilitaja. Hila mbaya ni ya kujaza nyufa kioo chenye risasi. Jiwe kama hilo, ukilichungulia kwa lenzi ya sonara, huonyesha mapovu na miale ya buluu ndani. Maji ya ndimu hukila kioo hicho, na moto wa kulehemia pete huliharibu mara moja. Basi mwenye kutaka pete ya yakuti na aulize kwanza jiwe limefanywa nini, apate jibu kwa maandishi, ndipo aulize bei.

(Itaendelea: zumaridi na feruzi.)