Fahamu: Bakteria wa tumbo anavyofichua safari za watu wa kale

Mtu wa Wete, kisiwani Pemba, akiugua vidonda vya tumbo, mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Bakteria huyu huambukizwa zaidi utotoni, aghalabu kutoka kwa mama au jamaa wa nyumba moja, hivyo ukoo ukihama naye huhama. Mwaka 2007 watafiti walionesha kuwa kadiri unavyokwenda mbali na Afrika Mashariki, utofauti wa vinasaba vyake hupungua, sawa na wa binadamu. Wakakadiria aliondoka huku na watu yapata miaka 58,000 iliyopita.

La kusisimua zaidi ni Ötzi, maiti iliyohifadhiwa na barafu ya milima ya Alps kwa miaka 5,300. Bakteria wa tumboni mwake, aliyechunguzwa mwaka 2016, alishabihiana na wa Asia, ilhali wa Wazungu wa leo amechanganyika na wa Afrika. Basi sehemu kubwa ya mchanganyiko huo iliingia Ulaya baada yake.

Si bakteria tu: vinasaba vya binadamu wenyewe pia hufichua safari hizo, na Pemba nayo imetoa mifupa ya watu wa kale. Vinasaba vya mifupa hiyo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionesha mtu wa pango la Makangale, kaskazini mwa Wete, aliyeishi miaka 1,400 hivi iliyopita, akiwa wa nasaba ya wawindaji. Mwingine wa Pemba, wa miaka 600 hivi iliyopita, alikaribiana na Wabantu.