Oti si dawa ya kitambi: Njia tano za kuila, na makosa yanayoiharibu

Ukipita Mama Ngina, Mombasa, alfajiri au jioni jua likipoa, utawaona watu wa kila umri wakitembea, wakikimbia na kunyoosha viungo huku wakitazama bahari. Wengi wana nia moja: kupunguza kitambi, kudhibiti sukari au presha, au kupata tu pumzi ya kupanda ngazi bila kusimama njiani. Waulize wanakula nini asubuhi, na hutakosa wa kukujibu: oti.

Tatizo ni kwamba bakuli linalofika mezani mara nyingi si lile lililokusudiwa. Limetiwa vijiko vitatu vya sukari na maziwa mazito ya mkebe, na pembeni pana mahamri mawili ya kusindikizia. Mwezi ukiisha mizani haijasogea, na mtu anasema oti ni uongo wa matangazo.

Oti si uongo, lakini pia si dawa. Ni chakula, na faida yake inategemea mambo mawili: umeipika vipi, na umeila badala ya nini.

Oti ni nini hasa?

Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Baadhi yetu huiita shayiri, ingawa shayiri ni nafaka nyingine, jamaa yake tu. Nusu kikombe cha kupimia cha oti kavu, yaani takriban gramu 40, kina kalori zipatazo 150, protini gramu 5 na nyuzinyuzi gramu 4.

Siri yake iko kwenye aina ya nyuzinyuzi iitwayo betaglukani. Ule utelezi unaouona sufuriani oti ikiiva ndio huo. Tumboni hufanya chakula kisagwe polepole, kwa hivyo sukari hupanda damuni taratibu na njaa huchelewa kurudi. Pia husaidia kupunguza lehemu mbaya. Tangu 1997, serikali ya Marekani imeruhusu watengenezaji kuandika kwenye pakiti kwamba oti husaidia moyo, mradi iwe sehemu ya lishe isiyo na mafuta mengi mabaya. Kiwango kinachotajwa ni gramu 3 za betaglukani kwa siku, ambazo hupatikana katika oti kavu ya gramu 70 hadi 80, yaani kama kikombe kimoja.

Dukani utakuta aina kadhaa. Iliyokatwa vipande huchukua nusu saa hivi kuiva na husagwa polepole zaidi tumboni. Iliyobanwa ikawa bapa huiva kwa dakika tano hadi kumi. Ile ya papo hapo, inayohitaji maji moto tu, hupandisha sukari haraka zaidi, na ile yenye ladha mara nyingi imeshatiwa sukari kiwandani. Geuza pakiti usome kabla ya kulipa.

Njia tano za kuila

1. Uji. Chemsha nusu kikombe cha oti kwa kikombe kimoja cha maji, au nusu maji nusu maziwa, huku ukikoroga. Tia iliki na mdalasini. Ukitaka utamu, ponda ndizi mbivu moja au katakata tende mbili. Malizia kwa kijiko cha njugu zilizosagwa, maana mafuta na protini ya njugu hukuweka hadi mchana.

2. Ya kulowekwa. Hii ni ya mtu anayetoka nyumbani mapema kuwahi feri au matatu. Usiku changanya nusu kikombe cha oti na kiasi sawa cha mtindi usio na sukari, ongeza maziwa kidogo, funika uweke kwenye friji. Asubuhi tia vipande vya embe au papai, ule. Usiilaze nje ya friji. Kwa joto letu la Pwani itachacha kabla hujaamka.

3. Shurba. Oti si lazima iwe tamu. Wanaofunga Ramadhani wanaijua shurba ya oti kwenye futari, na hakuna sababu ya kuisubiri mwezi mmoja kwa mwaka. Chemsha robo kilo ya nyama au kuku kwa kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya na bizari ya pilau. Nyama ikilainika, tia kikombe kimoja cha oti na uache ichemke kwa moto mdogo hadi supu iwe nzito. Kamulia ndimu, nyunyiza dania. Inatosha watu wanne, na kwa chakula cha usiku ni nyepesi kuliko sahani ya wali.

4. Chapati za maji. Saga kikombe cha oti kwa blenda hadi iwe unga. Changanya na mayai mawili, ndizi mbivu iliyopondwa na maziwa kiasi. Pika kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo tu. Watoto wanaokataa uji huzila hizi bila kubembelezwa.

5. Kababu. Badala ya mkate, tumia oti kushikanisha nyama ya kusaga. Kisha zipike kwenye oveni au kikaango chenye mafuta kidogo. Ukizizamisha kwenye karai la mafuta, umerudi ulikotoka.

Iliwe saa ngapi?

Kwa anayefanya mazoezi, bakuli dogo saa moja au mbili kabla ya kukimbia hutoa nguvu isiyokatika njiani. Baada ya mazoezi mwili unahitaji protini ya kujenga misuli, na gramu 5 za oti pekee ni chache. Ongeza yai la kuchemsha, mtindi au njugu.

Makosa yanayoiharibu

La kwanza ni sukari. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi. Vijiko vitatu kwenye uji, vitatu kwenye chai, na haba na haba hujaza kibaba. Asali nayo ni sukari, hata kama ni ya nyuki wa kijijini.

La pili ni kipimo. Oti yenye afya ikiliwa bakuli kubwa mbili bado inanenepesha. Pima kwa kikombe, usikadirie kwa macho.

La tatu ni kuiongeza badala ya kuibadilisha. Oti ikitangulia mahamri na mbaazi za nazi, umeongeza mlo mwingine. Si kwamba mahamri ni haramu. Yape siku yake, na oti siku yake.

Nani awe mwangalifu?

Ikiwa hujazoea nyuzinyuzi, anza na kiasi kidogo na unywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au sindano ya insulini azungumze na daktari kabla ya kubadilisha mlo wake, kwa sababu dawa ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Na asiyepatana na ngano kwa sababu ya gluteni atafute oti iliyoandikwa kuwa haina gluteni, maana nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Na kama mfuko hauruhusu?

Pakiti ya gramu 500 hutoa bakuli 12 za kipimo tulichotaja. Kwa mtu mmoja si ghali sana. Kwa nyumba ya watu saba inaisha kwa siku mbili. Hapo usijilaumu. Uji wa wimbi au mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi pia, na wimbi huishinda oti kwa mbali katika kalsiamu, madini ya mifupa. Hauna betaglukani nyingi kama ya oti, lakini ukipikwa bila kurundikiwa sukari ni kifungua kinywa kizuri kuliko mkate mweupe wenye siagi.

Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla ya kuuliza oti gani ununue, angalia kwanza kile unachokula sasa na uchague kitu kimoja cha kukiondoa. Oti ikikaa mahali pa kitu hicho, hapo ndipo mizani itaanza kusogea.