Kolesteroli, Lehemu au Mafuta ya Damu?

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazoulizwa mara kwa mara ni kolesteroli. Wapo wafasiri waandikao "mafuta ya damu", na wapo waandikao "lehemu". Kabla ya kuchagua jina, yafaa tukijue kitu chenyewe.

Kolesteroli ni kitu cheupe mfano wa nta, ambacho molekuli yake ina atomu 27 za kaboni. Kila seli ya mwili huihitaji ili kuimarisha utando wake. Ini huitumia kutengenezea asidi za nyongo, na tezi kadhaa huitumia kuundia homoni.

Sehemu kubwa yake haitoki mezani, bali hutengenezwa mwilini, hasa katika ini. Malighafi ni asetili koenzaimu A, ambayo hupatikana kutokana na wanga, mafuta au protini. Vipande vyenye kaboni mbili mbili huunganishwa, hatua baada ya hatua, mpaka kolesteroli ipatikane. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kuifumbua njia hiyo.

Katika njia hiyo pana mlango mmoja ambao kasi ya kazi yote huutegemea, nao ni kimeng'enya kiitwacho riduktasi ya HMG-KoA. Kolesteroli ikizidi katika seli, kimeng'enya hicho huvunjwa upesi na utengenezaji wake hufifia. Ikipungua, protini iliyokuwa imezuiliwa huachiliwa. Kipande chake huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za kimeng'enya, pamoja na jeni za vipokezi vinavyovuta kolesteroli kutoka katika damu. Ugunduzi wa vipokezi hivyo uliwapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Dawa za jamii ya statini, ambayo ya kwanza Akira Endo wa Japani aliipata katika kuvu mwaka 1973, huziba mlango ule ule. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi, na kiasi kilichomo katika damu hushuka.

Basi tukisema "mafuta ya damu", mgonjwa atadhani kwamba akiacha vyakula vya mafuta shida imekwisha. Aliyerithi upungufu wa vipokezi atalaumiwa kwa ulafi asio nao, na huenda akaiacha dawa. Tena jina hilo huchanganya kolesteroli na trigliseridi, ambazo ndizo mafuta hasa, nazo hupimwa mbali. Na mfasiri wa lebo ya chupa ya alizeti afanyeje? "Haina kolesteroli" itageuka kuwa mafuta yasiyo na mafuta! (Hata ikifasiriwa sawasawa lebo hiyo haina habari kubwa, maana mafuta yote ya mimea yana kolesteroli kidogo mno.)

"Lehemu" ina sifa yake: fundi bati huitumia kuungia na kuzibia, na kolesteroli nayo hukaza utando. Lakini picha imjiayo msomaji ni ya bomba lililoziba, yaani madhara peke yake. Tena haina ukoo, ilhali kolesteroli ni ndugu wa steroli na steroidi, maneno ambayo mwanafunzi wa kemia hana budi kukutana nayo.

Kwa hiyo twapendekeza "kolesteroli" vitabuni na katika majibu ya maabara. "Lehemu" iruhusiwe katika mabango na mazungumzo ya kliniki. "Mafuta ya damu" yaachwe. Neno liwe katika ngeli ya I-ZI: kolesteroli imepanda, si yamepanda.