Usipake Rangi Juu ya Kutu

Zamani nyumba nyingi za Ugogo zilikuwa tembe, zilizoezekwa kwa miti na udongo. Siku hizi nyumba nyingi zina mabati. Bati ni mali. Linatukinga na mvua, tena tunakinga maji kutoka juu yake. Hapa Dodoma mvua ni za miezi michache tu, karibu Desemba hadi Aprili. Bati likitoboka, tumepoteza kinga na maji.

Je, kutu ni nini? Chuma kikikutana na maji na hewa, huliwa kidogo kidogo na kuwa unga mwekundu. Bati ni chuma kilichopakwa madini ya zinki ili kukilinda. Zinki ikiisha, kutu huanza.

Mwenzetu mmoja aliuza karanga zake, akanunua rangi, akaipaka juu ya kutu. Paa likang'aa, majirani wakamsifu. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, rangi ilibanduka kama ganda la karanga, na bati lilikuwa na matundu. Kosa si la rangi. Rangi ilishika kutu, haikushika bati.

Basi, wakati wa kiangazi tufanye hivi:

1. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka yote inayobanduka iishe. Palipo na zinki nzima usitumie brashi ya waya, maana utaikwangua.

2. Osha bati kwa maji ya sabuni, kisha suuza. Rangi haishiki juu ya vumbi wala mafuta. Usifute kwa mafuta ya taa. Acha bati likauke kabisa.

3. Siku ile ile, paka rangi ya kuzuia kutu mahali uliposugua. Ukingoja kesho, umande utaleta kutu mpya.

4. Rangi hiyo ikishakauka, paka rangi ya juu mara mbili. Paka asubuhi umande ukishaisha, au jioni. Mchana bati linachoma, na rangi hukauka kabla haijashika.

Na mabati mapya je? Rangi ya mafuta ya kawaida haishiki vizuri juu ya zinki mpya. Dukani ulizia rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa mabati yenye zinki.

Tahadhari! Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishe kwa maji kabla ya kuikwangua. Funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Ondoa mfereji wa kukingia maji kwanza. Ukinunua rangi mpya, hakikisha haina risasi. Maji ya mvua ya kwanza yaache yamwagike.

Kusugua kunachosha, hilo tunalijua. Lakini debe la rangi ni pesa ya jasho. Leo jioni tazama paa lako. Ukiona wekundu kuzunguka misumari, anzia hapo.