Je, Wajua? Nani Kashika Ndiyo, Nani Kashika Hapana

Je, wajua kwamba Moi's Bridge, mji ulio mpakani mwa Uasin Gishu na Trans Nzoia, zamani uliitwa Hoey's Bridge? Jina lilitokana na mlowezi Cecil Hoey na daraja lake la mto Nzoia. Mji mmoja, majina mawili. Likumbuke hilo.

Je, wajua kwamba bei ya gunia la kilo 90 haimtoshi mkulima wa hapa kuamua auze au angoje? Anataka pia kujua mahindi yako mikononi mwa nani. Yakiwa yametawanyika kwa wakulima wengi, kila mmoja na magunia yake machache, bei husogea taratibu. Yakiwa kwa wafanyabiashara wachache wenye stoo zilizojaa, mmoja akifungua mlango asubuhi, jioni soko si lile tena.

Je, wajua kwamba kuna masoko yanayouza majibu ya maswali? Polymarket, iliyoanzishwa na Shayne Coplan mwaka 2020, huuza hisa za Ndiyo na za Hapana juu ya jambo ambalo bado halijatokea, kama vile matokeo ya uchaguzi. Jibu likijulikana, hisa iliyopatia hulipwa dola 1, iliyokosea hailipwi kitu. Ndiyo ikiuzwa senti 60, soko linakadiria uwezekano wa asilimia 60 hivi.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilifungua soko la aina hii mwaka 1988? Mshiriki aliruhusiwa kuweka dola 500 tu kwenye akaunti yake. Naupenda mpaka huo, kwani ulimzuia tajiri mmoja kuibeba bei peke yake.

Je, wajua kwamba Ndiyo moja na Hapana moja huzaliwa pamoja, kutoka dola ile ile moja? Ndiyo zikiwa milioni 1, Hapana nazo ni milioni 1, siku zote. Kinachotofautiana ni mikono iliyozishika. Upande huu wanaweza kuwa watu 3, ule wa pili watu 3,000, na bei isikudokezee lolote.

Ndiyo maana zikatengenezwa zana za kutafuta wenye hisa wakubwa. Unachagua soko, nayo programu inasoma daftari la wazi la Polygon, blokicheni inayohifadhi hisa za Polymarket, kisha inapanga wamiliki kuanzia mkubwa. Kila mmoja huonekana kwa anwani inayoanza na 0x, ikifuatwa na herufi na tarakimu 40. Mimi ningeangalia kwanza aliye juu ana sehemu gani ya hisa zote, kisha alinunua kwa bei gani. Halafu ningeangalia kama anazo na za upande wa pili. Mwenye Ndiyo na Hapana kwa pamoja mara nyingi ni mchuuzi anayeishi kwa tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, kwa hiyo wingi wa hisa zake si ushahidi kwamba anaamini jibu fulani.

Je, wajua kwamba hapa Kenya kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi huchapisha wenye hisa wakubwa 10 katika ripoti ya mwaka? Na tangu Oktoba 2020, kampuni hutakiwa kumwandikisha kwa Msajili wa Kampuni mtu halisi anayemiliki asilimia 10 au zaidi, hata kama amejificha nyuma ya jina la kampuni nyingine.

Sasa rudi kwenye mji wenye majina mawili. Je, wajua kwamba katika uchaguzi wa Marekani wa 2024, akaunti nne za Polymarket, yaani Fredi9999, Theo4, PrincessCaro na Michie, ziliweka zaidi ya dola milioni 28 kwa Donald Trump? Aliyetazama orodha aliona wanunuzi wanne wakubwa waliokubaliana. Polymarket ikachunguza na kusema mwenyewe ni mmoja, raia wa Ufaransa. Baadaye kampuni ya Chainalysis, kwa kufuatilia akaunti zilivyojazwa pesa na zilivyonunua, ikafikisha hesabu ya akaunti za Mfaransa huyo hadi 11, na faida yake dola milioni 85 hivi.

Na je, wajua alichokitegemea? Aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba alilipia kura ya maoni yake mwenyewe, ambamo watu waliulizwa wanadhani jirani zao watampigia nani kura.